Mshipa na Ulimi wa Mzee Anyitike

Siku ya mwisho ya vipimo, Mzee Anyitike Mwangomo alifika zahanati ya Kilasi kabla ya wenzake wote, amevaa koti lake la kahawia na viatu vilivyopigwa rangi, kama mtu aliyealikwa harusini. Aliketi, akakunja mkono wa shati hadi begani, akamnyooshea Sekela mkono wa kushoto. Sekela alikuwa binti yake wa pili na ndiye mpimaji mkuu wa utafiti ule. Kwa mwaka mzima walikutana namna hiyo kila mwezi, na ndani ya chumba kile hawakuitana baba wala mwanangu. Mzee alikuwa mshiriki namba arobaini na moja, basi.

Sekela alimvalisha kibana. Kifaa kile kilikuwa na jina refu la kitaalamu, lakini Rungwe nzima ilikiita kibana, kwa kuwa ndivyo kilivyofanya. Kilikuwa mkono wa kitambaa laini wenye nyuzi za kusikiliza damu. Kilibana juu ya kiwiko kwa dakika tano mpaka damu ikazuiliwa, kisha kikaachia kwa ghafla. Hapo damu ilirudi kwa kasi, na nyuzi zikapima mshipa ulivyoipokea. Mshipa wenye afya una utando ndani yake, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na damu inapopita kwa kishindo utando huo hutoa gesi kidogo ya naitriki oksaidi, ambayo huiambia misuli ya mshipa ilegee. Mshipa hutanuka. Utando ukichoka, gesi hupungua, na mshipa hubaki mgumu kama bomba.

Kibana kiliachia. Mzee alitazama dirishani, kwenye safu za michai zilizopanda mlima hadi kwenye ukungu. Sekela alitazama kioo.

Tano nukta moja.

Mwaka ulipoanza, mshipa wa baba yake ulitanuka kwa asilimia tisa na kitu, kiwango ambacho watu wengi wa umri wa miaka sabini na tatu hawakifikii. Namba ile mpya ilikuwa imekwisha kupaa kwenda kwenye kumbukumbu za Tume, chombo cha serikali kilichousimamia utafiti kutoka Dodoma. Hakuna mpimaji aliyeweza kuigusa, na ndiyo sababu Tume haikuona shida binti kumpima babaye. Sekela alimfungua kibana, akamshukuru kwa kushiriki, maneno yaleyale aliyowaambia wote. Mzee alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo, akatoka.

Wakati huo, mwaka 2091, miji mingi ilikuwa imeacha chai ya majani tangu zamani. Watu walikunywa chai ya mtambo. Hamira iliyolishwa sharubati ya muhogo ndani ya matangi ya chuma ilitoa rangi, harufu na ukali, na ikimiminwa kwenye kikombe, mtu wa kawaida hakuona tofauti. Chai ya mtambo haikuhitaji mvua wala kilima. Nchi nayo ilikuwa imeahidi kurudisha misitu milimani, na vilima vya Rungwe vilikuwa kwenye orodha. Michai ingeng'olewa, miti ya asili, mipodo na misesewe, ingepandwa, na wakulima wangepewa kazi ya kuutunza msitu.

Sekela hakuwa na ubaya na msitu. Lakini sheria ilikuwa na kifungu kimoja kilicholinda zao lolote lenye faida ya kiafya ambayo kibadala chake hakina. Watafiti wa zamani walikuwa wameandika kwamba chai ya rangi husaidia mishipa kulegea, si kwa kiasi kikubwa, wala si badala ya vidonge vya presha, ila kwa kiasi kinachopimika. Wao lakini walilinganisha chai na maji. Hakuna aliyewahi kulinganisha jani na mtambo. Sekela, aliyesomea mishipa ya damu kwa miaka tisa na kurudi nyumbani kwao kwa hiari, aliomba afanye hivyo, na Tume ikakubali.

Utaratibu ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuufuata. Watu mia na ishirini wa Kilasi, wote wanywaji wa chai tangu utotoni, waligawanywa kwa kura. Sitini walipelekewa chai ya jani na sitini chai ya mtambo, vikombe vitatu kwa siku, bila maziwa, kwenye chupa za chai zilizofungwa na kuandikwa namba tu. Hakuna aliyejua anakunywa ipi. Sekela hakujua pia. Wote waliapa kutokunywa chai nyingine yoyote kwa mwaka mzima, na katika kijiji ambacho mgeni hapewi pole ya safari kabla ya kikombe, kiapo hicho kilikuwa kizito.

Mwezi wa saba wa utafiti, mshipa wa Mzee Anyitike ulipokuwa umeshuka kwa zaidi ya pointi tatu, Sekela alilazimika kumwambia. Hilo lilikuwa sharti. Mshiriki aliyeshuka kiasi hicho alielezwa hali yake mbele ya daktari na kuulizwa kama anataka kujitoa. Daktari alisema presha ya mzee ilikuwa bado ndani ya mipaka, ingawa mshipa unaozidi kukakamaa si jambo la kuchezea. Mzee aliuliza swali moja tu, kama anayejitoa bado anahesabiwa. Akaambiwa hahesabiwi. Akasema anabaki. Sekela alitamani kumshika mkono amsihi, lakini alikuwa amevaa koti jeupe, na koti lile lilimtaka amwandike kwamba ameelezwa, ameelewa, na amekubali kuendelea. Aliandika.

*

Jumatatu iliyofuata Tume ilifungua siri za namba, na majibu ya kwanza yakafika Kilasi kabla ya saa nne asubuhi. Kundi la jani, mishipa yao ilibaki pale ilipokuwa. Kundi la mtambo, mishipa ilikuwa imekaza kwa wastani wa pointi moja na robo. Tume ilidai uhakika wa tisini na tano kwa mia kwamba tofauti hiyo haikutokea kwa bahati, na hesabu ilitoa tisini na tano nukta nne. Jani lilikuwa limeshinda, kwa unywele.

Habari zilisambaa kabla Sekela hajafunga ofisi. Wanawake waliokuwa wakichuma walishusha vikapu, wakaimba katikati ya michai. Ulimboka Mwaseba, mwenyekiti wa wakulima, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu ambaye alikuwa mwangalizi wa utafiti kwa niaba ya kijiji, alimshika Sekela mkono kwa mikono yake miwili.

Mchana Sekela alikwenda kula kwa baba yake. Mzee alikuwa mjane, na alijipikia mwenyewe ndizi kwa maharage kwa umakini uleule aliokuwa nao kazini. Kwa miaka arobaini na moja alikuwa mwonjaji mkuu wa kiwanda cha Kilasi. Kila asubuhi vikombe sitini vilipangwa mbele yake, naye akavivuta kwa kijiko kimoja kimoja kwa mvumo uliosikika hadi nje, akatema, akasema daraja la kila kimoja. Hakuna gunia lililotoka Kilasi bila ulimi wake kupita juu yake.

Walikula. Mzee alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. Sekela alimwambia kwamba sasa inaruhusiwa kujua, yeye alikuwa kundi la mtambo. Mzee aliendelea kula.

"Nilijua tangu kikombe cha kwanza," alisema.

Sekela alidhani anatania. Mzee alifuta vidole, akaanza kumweleza, na alieleza kwa raha, kwa kuwa alikuwa amelifungia jambo hilo kifuani mwaka mzima. Kikombe cha kwanza kilimtia shaka, kwa sababu chai ya jani hushika pembe za ulimi na kuziachia polepole, na kile kilishika na kuachia kwa pamoja. Siku ya tatu shaka ikaisha. Jani, alisema, halifanani na lenyewe siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha chai hulegea, jua likiwaka hukaza, aliyechachisha jani akizidisha dakika kumi utamu huhama. Chupa zake zilifanana kila siku, mvua na jua. Alijua amepewa kitu kilichotoka kwenye tangi. Hakumwambia mtu. Hakwenda kuomba kikombe kwa jirani, ingawa asubuhi zingine mwili uliidai chai ya jani. Alijua mishipa yake inakaza, kwa maana Sekela mwenyewe alimwambia, na alijua kwa nini.

"Mtu mmoja ilibidi akinywe," alisema. "Nikasema afadhali niwe mimi ninayejua ninachokunywa."

Alisema hivyo bila majivuno, ila macho yake yalikuwa yanang'aa, na Sekela alielewa kwamba baba yake alikuwa akimpa zawadi ambayo ameitunza miezi kumi na miwili. Aliweka kijiko chini. Alitamani asingeyasikia maneno yale, na papo hapo akaona aibu kwa kutamani hivyo.

Ilimbidi amweleze. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akaanza tena. Alimwambia kwamba chupa zilifungwa ili mwili usikilize chai peke yake. Mtu anayejua kwamba amepewa isiyo halisi hulala tofauti, hutembea tofauti, huwa na wasiwasi, na mshipa husikiliza wasiwasi kama unavyosikiliza chai. Kushuka kwa mshipa wake kulikuwa kukubwa kuliko kwa mtu yeyote katika kundi lake. Huenda ilikuwa chai. Huenda ilikuwa kujua. Hakuna kibana kinachoweza kutenganisha viwili hivyo, na sharti la utafiti lilisema kwamba mshiriki aliyeijua chupa yake aondolewe kwenye hesabu.

Mzee alisukuma sahani pembeni. Kisha akauliza iwapo alikuwa ameiharibu kazi.

Sekela alimjibu kwamba hajui bado.

*

Alirudi ofisini, akafungua hesabu, akamwondoa mshiriki namba arobaini na moja, akaiambia mashine ihesabu upya. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kuketi vizuri. Tisini na nne nukta moja.

Aliingiza tena kila kitu kwa mkono, akijua jibu litakuwa lilelile. Lilikuwa lilelile.

Alimwita Ulimboka, kwa sababu mwangalizi alikuwa na haki ya kujua. Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, akatoka nje, akasimama barazani akitazama milima, akarudi. Alisema kwa sauti yake ya taratibu kwamba mzee hakuvunja sharti hata moja. Kiapo kilikataza kunywa chai nyingine, hakikukataza kuwa na ulimi. Alikunywa alichopewa, akapimwa alipoitwa. Damu yake haikudanganya. Tena ni kibana cha Tume kilichosema tano nukta moja, si mdomo wa mtu.

Sekela alikubali kwamba yote hayo ni kweli.

"Basi nani amedhulumiwa ukikaa kimya?" Ulimboka aliuliza. "Nionyeshe mtu mmoja, nami nitanyamaza."

Sekela alitafuta mtu huyo moyoni na hakumpata kwa urahisi. Kampuni ya mtambo ilikuwa na miji yote, isingehisi kukosa vilima vichache. Msitu ungepandwa kwingine. Upande wa pili walikuwako watu elfu nne wa Kilasi, makaburi ya bibi zao katikati ya michai, na mikono iliyojua kuchuma majani mawili na chipukizi bila kutazama. Na yeye mwenyewe aliamini, kwa elimu yake yote, kwamba jani lina kitu ambacho tangi halina. Jibu la kweli lilikuwa upande wake. Kilichopungua ni ushahidi tu.

Alipofika hapo aliliona wazo lake lilivyo, na lilimtisha. Kama jibu alikuwa nalo tayari, basi watu mia na ishirini walikunja mikono ya mashati yao mwaka mzima bure.

Alikuwa hajamjibu Ulimboka wakati Mzee Anyitike alipoingia. Alikuwa amepanda kilima kwa miguu na alihema zaidi kuliko alivyokuwa akihema mwaka uliopita, wote wawili waliliona hilo. Hakuketi. Alimsalimia mwenyekiti, akauliza hesabu imesemaje, akaambiwa.

Ndipo akawakumbusha habari ambayo Ulimboka aliijua na Sekela aliisikia nusunusu utotoni. Mwaka wa kumi wa kazi yake, aliikataa chai ya shamba la kaka yake, Angetile, mzigo mzima, kwa kuwa ilichachishwa vibaya na ikawa na uchachu nyuma ya ulimi. Wengine mezani hawakuuhisi. Angeweza kuipitisha. Kaka yake hakusema naye kwa miaka minne, na hata walipopatana hakuwahi tena kula nyumbani kwake.

"Wanunuzi waliniamini niliposema chai hii ni nzuri," alisema, "kwa sababu walijua nilishasema ile ya ndugu yangu ni mbaya. Sasa nikubali kikombe kimoja kipite kimyakimya, kwa kuwa ni cha kwangu?" Alimgeukia Sekela. "Usilibebe wewe, mama. Nitasema mwenyewe."

Ulimboka alivuta kiti. Kisha akamwomba mzee aketi, akamletea maji.

*

Tume iliketi Jumatano asubuhi katika ukumbi wa kunyaushia majani, kwa kuwa hapakuwa na jengo jingine la kutosha watu wote. Mabirika marefu ya kunyaushia yalifunikwa mbao yakawa mabenchi, na harufu ya majani mabichi ilikuwa imeganda kwenye kuta. Mwenyekiti wa Tume alikuwa Daktari Mwanahija Shomvi, mwanamke mfupi wa makamo kutoka Bagamoyo, anayesikiliza kwa kufumba macho. Kampuni ya mtambo ilimtuma mhandisi wake aliyeitengeneza chai yenyewe.

Watu walikuja kusherehekea. Sekela alisimama akasoma matokeo, na kabla makofi hayajaanza akainua mkono, akasema kuna marekebisho. Alieleza kwa maneno machache. Ukumbi ulipoa. Baba yake akasimama karibu naye na kusema yeye ndiye namba arobaini na moja, na kwamba alijua.

Mhandisi alipinga kwa heshima. Alisema amepoteza miaka sita ya maisha yake akihakikisha hakuna ulimi wa binadamu unaoweza kutofautisha, na kwamba huenda mzee alibahatisha, kisha mwaka mzima akajiaminisha. Kama alibahatisha, hakujua, na namba yake ibaki. Hakuona, au aliona na hakujali, kwamba hoja yake iliwasaidia wakulima. Minong'ono ilianza mabenchini. Wengi walielewa haraka: mzee akishindwa kutofautisha, vilima vimepona.

Daktari Mwanahija alifumbua macho. Aliagiza vikombe ishirini viandaliwe chumba cha pili na watu wake mwenyewe, chai ya jani na ya mtambo, kwa mpangilio anaoujua yeye peke yake. Akamuuliza mzee kama yuko tayari.

Sekela alimsogelea baba yake. Hakuna ambaye angejua kama angekosea kwa makusudi. Vikombe vinne au vitano tu visemwe vibaya, na kila kitu kingerudi kama kilivyokuwa Jumatatu. Mzee alimtazama, na Sekela akaona kwamba naye ameshaliwaza, na amelimaliza.

Vikombe vilipangwa. Mzee alivua koti, akalikunja, akampa binti yake alishike. Alipewa kijiko na chombo cha kutemea. Alivuta kikombe cha kwanza kwa ule mvumo ambao wafanyakazi wa zamani hawakuwa wameusikia kwa miaka, na wawili watatu kati yao waliinama.

"Mtambo," alisema.

Alitembea mstari mzima bila haraka. Jani. Jani. Mtambo. Jani, la juma hili, limechumwa baada ya mvua. Mtambo. Msaidizi wa Tume aliandika. Kwenye kikombe cha kumi na nne alisimama, akavuta mara ya pili, jambo ambalo hakulifanya kwa vingine. Alikirudisha.

"Hiki sitakiita jani wala mtambo. Kimechanganywa."

Aliendelea hadi cha ishirini. Kisha akatema, akapangusa mdomo kwa leso, akangoja.

Daktari Mwanahija alichukua karatasi yake, akaisoma pamoja na ya msaidizi, mstari kwa mstari. Alisema vikombe kumi na tisa vimetajwa sawasawa. Cha kumi na nne, alisema, alikichanganya yeye mwenyewe, nusu kwa nusu, bila kumwambia mtu, ili ajue kama mzee atabahatisha asipojua.

Mhandisi wa kampuni ndiye aliyesimama kwanza, akaenda hadi mezani, akampa mzee mkono, akamwomba siku moja amfundishe kinachokosekana. Mzee alimwambia aje wakati wa mvua.

Uamuzi ulisomwa hapohapo. Namba arobaini na moja iliondolewa. Kwa uhakika uliobaki, faida ya jani juu ya mtambo haikuthibitika, na Tume haiwezi kulilinda zao kwa kitu kisichothibitika. Lakini pia haikukanushwa. Daktari Mwanahija alisema ameongoza mashauri kama hayo ishirini na mbili, na ni mara ya kwanza kuona upande unaoshinda ukileta wenyewe kitu cha kuushinda. Kwa sababu hiyo ana imani na namba nyingine zote zilizotoka Kilasi. Michai isiguswe kwa miaka miwili. Utafiti urudiwe, kwa watu mia tatu, na kwa namna ambayo hakuna ulimi utakaojua.

Namna hiyo aliipata Mzee Anyitike. Alijifungia na mhandisi kwa juma zima, wakichemsha na kutema. Walijaribu iliki, ikashindwa. Walijaribu mdalasini, naye akautambua mtambo chini yake. Mwishowe waliweka kwenye chai zote mbili tangawizi mbichi iliyopondwa na majani ya mchaichai kwa kipimo ambacho mzee mwenyewe, baada ya vikombe thelathini, alikosea nusu. Alisema hajawahi kufurahia kukosea kiasi hicho.

Yeye hakuwa mshiriki tena, hivyo alirudia chai yake. Sekela alimpima miezi miwili baadaye, mara hii nyumbani, akimwita baba. Sita nukta nane. Alimweleza kwamba mtu mmoja hathibitishi kitu. Mzee alisema anajua, amelipia somo hilo.

*

Uandikishaji wa utafiti wa pili ulifunguliwa Jumamosi, shuleni. Sekela hakutaka mtu aingie akidanganywa na sherehe, kwa hiyo kabla ya kuchukua jina hata moja alisimama mlangoni akasema yote kwa sauti. Alisema nusu yao watapata chai ya mtambo na hawatajua. Alisema kwamba baadhi ya waliopata hiyo mara ya kwanza mishipa yao ilikaza, kwamba wenye presha ya juu hawatachukuliwa kabisa, na kwamba hakuna anayepaswa kuacha vidonge vyake kwa ajili ya kikombe chochote. Alisema huenda baada ya mwaka mwingine jibu likawa kwamba jani halina ziada yoyote, naye atalisoma jibu hilo mbele yao kama lilivyo, na msitu utapandwa.

Kisha akawapa nafasi ya kuondoka.

Foleni ilianzia mlangoni, ikazunguka uwanja, ikashuka barabara ya kiwandani. Waliohitajika walikuwa mia tatu. Karani alihesabu hadi mia saba akachoka. Walikuwamo wachumaji, walimu, fundi wa baiskeli za umeme, wachungaji wa makanisa mawili wasiosalimiana. Ulimboka alikuwamo, kati kabisa ya foleni, akikataa kupelekwa mbele.

Wa kwanza mezani alikuwa Bibi Tuntufye, mchumaji mstaafu wa miaka sitini na tisa, mwanamke aliyepinda mgongo kwa kazi lakini mwenye mapigo ya moyo ya msichana. Alimwuliza Sekela kama mtu anaweza kuomba kikombe cha mtambo waziwazi, bila kura, ili mwingine apone.

Sekela alimwambia hairuhusiwi. Lazima iwe kura, na lazima asijue.

Bibi aliwaza kidogo. Nyuma yake waliokuwa karibu walikuwa wamelisikia swali lile.

"Haya," alisema, akikunja mkono wa gauni. "Niandike."